Dhima ya bidhaa nchini Tanzania

Dhima ya bidhaa ni wajibu wa kisheria wa mtengenezaji, mwagizaji, msambazaji au muuzaji kumlipa fidia mtu aliyedhuriwa na bidhaa yenye kasoro. Madhara hayo yanaweza kuwa kifo, ugonjwa, jeraha, uharibifu wa mali au hasara ya kipato.

Tanzania Bara haina sheria moja inayobeba jina hilo. Haki za mlaji zimetawanyika katika sheria ya mikataba, sheria ya mauzo, sheria ya madhara na sheria za ushindani na viwango. Zaidi ya hayo, bidhaa mbaya hushughulikiwa zaidi na mamlaka za udhibiti kuliko kwa mashauri ya madai. Hivyo mara nyingi bidhaa huondolewa sokoni na mkosaji huadhibiwa, lakini mtu aliyeumia hubaki bila fidia kama hakufungua shauri mwenyewe.

Jiji la Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru yanatoa mifano mingi ya suala hili. Eneo hilo lina viwanda, kilimo cha mboga kinachotegemea viuatilifu, maji yenye floridi nyingi, na biashara ya mpakani kupitia Namanga.

Aina za kasoro

Wanasheria hugawa kasoro za bidhaa katika makundi matatu.

Kasoro ya usanifu ni ile iliyomo katika mpango wa bidhaa tangu mwanzo, hivyo kila kipande kinachotoka kiwandani ni cha hatari. Mfano ni jiko la gesi ambalo umbo lake hulifanya lipinduke kwa urahisi.

Kasoro ya utengenezaji hutokea wakati wa kuzalisha, na huathiri baadhi ya vipande au toleo moja tu. Mfano ni chupa ya soda iliyofungwa ikiwa na mdudu ndani, au tairi moja ambalo mpira wake haukushikana vizuri.

Kasoro ya maelezo ni kukosa onyo au maelekezo ya kutosha. Kiuatilifu kinaweza kuwa kizuri kwa kazi yake, lakini kikawa hatari kwa sababu lebo haisemi mkulima avae nini anapopulizia, au asubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Lugha ya lebo ni muhimu hapa: onyo lililoandikwa kwa lugha asiyoijua mtumiaji halimsaidii.

Asili ya kanuni

Sheria ya Tanzania ilirithi kanuni nyingi kutoka Uingereza. Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria (Sura ya 358) inaruhusu mahakama kutumia sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Maamuzi ya Uingereza yaliyotolewa baada ya tarehe hiyo hayazifungi mahakama za Tanzania, lakini hutumika kama mwongozo wenye uzito.

Uamuzi unaotajwa zaidi ni wa shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson, lililoamuliwa mwaka 1932. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Uskoti, mwanamke alikunywa kinywaji cha tangawizi alichonunuliwa na rafiki yake. Alidai kwamba ndani ya chupa mlikuwa na mabaki ya konokono aliyeoza, na kwamba aliugua. Kwa kuwa si yeye aliyenunua, hakuwa na mkataba na mwenye mgahawa wala na mtengenezaji. Majaji watatu kati ya watano waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho, hata kama hakuna mkataba kati yao.

Kanuni hiyo ina maana kubwa katika maisha ya kawaida. Mtoto anayelishwa unga uliooza, mgeni anayekaribishwa kinywaji, au jirani anayeunguzwa na mtungi wa gesi uliopasuka, wote hawakununua chochote. Bila kanuni hiyo, hakuna kati yao ambaye angeweza kumdai mtengenezaji.

Sheria zinazotumika Tanzania Bara

Mlaji aliyedhuriwa anaweza kutumia njia zaidi ya moja.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) inachukulia kwamba katika mauzo mengi muuzaji ameahidi bidhaa yenye ubora unaokubalika, na inayofaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Njia hii haihitaji kuthibitisha uzembe, lakini humfaa hasa mtu aliyenunua mwenyewe.

Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) inaeleza fidia inayolipwa pale mkataba unapovunjwa.

Sheria ya madhara hutokana na maamuzi ya mahakama. Mdai anapaswa kuonyesha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu, kwamba aliukiuka, na kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu zinazohusu mwenendo wa kupotosha walaji, masharti yanayochukuliwa kuwemo katika mikataba yao, wajibu wa watengenezaji, na usalama wa bidhaa. Vifungu vyake vingi vinafanana na sheria ya Australia ya mwaka 1974 kuhusu mwenendo wa biashara. Kwa makosa mengi chini yake, sheria hiyo iliweka faini ya kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya mwaka ya mkosaji.

Muda wa kufungua shauri una mipaka. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda (Sura ya 89), dai linalotokana na madhara lina ukomo wa miaka 3, na dai la mkataba miaka 6. Mtu aliyechelewa anaweza kupoteza haki yake hata kama ushahidi wake ni mzuri.

Zanzibar ina sheria na taasisi zake za ulinzi wa walaji na viwango.

Mamlaka za udhibiti

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na sasa linaongozwa na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Hutoa alama ya ubora, hukagua bidhaa na huweza kuamuru ziondolewe sokoni. Tangu Julai 2019 linasimamia pia chakula na vipodozi. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ambayo ilibadilishwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Tume ya Ushindani (FCC) inasimamia Sheria ya Ushindani na kupambana na bidhaa bandia. Asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) ina makao makuu mkoani Arusha. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua kazi za Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Ukanda wa Tropiki (TPRI) ya Ngaramtoni. Ubora wa mbegu husimamiwa na TOSCI.

Mamlaka hizi zina nguvu ya kusimamisha hatari mapema, lakini kazi yao kuu si kumlipa mtu mmoja mmoja. Faini huingia serikalini. Ripoti ya ukaguzi, hata hivyo, inaweza kumsaidia mdai kuthibitisha kasoro mahakamani.

Mifano kutoka Arusha na Meru

Viuatilifu na mbegu

Wakulima wa nyanya, vitunguu na mboga katika maeneo kama Ngarenanyuki hutumia viuatilifu mara nyingi kwa msimu. Mazao yao huuzwa katika masoko ya Tengeru, Kilombero na Ngaramtoni, na mengine husafirishwa hadi Kenya.

Kiuatilifu bandia kinaweza kuunguza mimea au kushindwa kuua wadudu. Mbegu isiyo halisi huonekana baada ya wiki kadhaa, pale shamba linapokosa kuota vizuri. Ugumu wa mkulima ni kuthibitisha chanzo cha hasara. Muuzaji atasema mvua ilizidi, dawa ilichanganywa vibaya, au ugonjwa uliingia shambani. Kwa kuwa mara nyingi mkulima ametupa kopo na hakupewa risiti, hana cha kumjibu. Mkulima aliyehifadhi kopo lenye namba ya toleo, risiti, na sehemu ya dawa iliyobaki ana nafasi nzuri zaidi.

Dawa za binadamu

Kiwanda cha Tanzania Pharmaceutical Industries (TPI) kilijengwa Arusha kwa msaada wa Finland. Mwaka 2012 dawa bandia ya kupunguza makali ya VVU iliyoandikwa TT-VIR 30, yenye nembo ya kampuni hiyo, iligunduliwa katika hospitali ya wilaya ya Tarime mkoani Mara. Serikali iliagiza toleo hilo liondolewe katika vituo vya afya na ikasimamisha uzalishaji wa dawa hizo kiwandani. Suala la nani alihusika lilishughulikiwa kama jambo la jinai.

Tukio hilo linaonyesha mipaka ya njia ya udhibiti. Kuondoa dawa kulizuia madhara zaidi. Lakini mgonjwa aliyekwisha kumeza dawa hizo, kama angetaka fidia, angelazimika kuthibitisha kwamba vidonge alivyopewa ni vya toleo lile, na kwamba hali yake ilibadilika kwa sababu hiyo. Linaonyesha pia kwamba katika bidhaa bandia swali la kwanza huwa ni nani aliyeitengeneza. Jina lililoandikwa kwenye kopo si ushahidi wa kutosha, kwani kampuni ambayo nembo yake imeigwa inaweza kuwa yenyewe imedhulumiwa.

Maji na floridi

Mlima Meru ni volkeno, na miamba yake huongeza floridi katika chemchemi, mito na visima vingi vya eneo hilo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Katika maeneo kama Maji ya Chai kiasi hicho huzidi sana. Floridi nyingi hubadilisha rangi ya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na ikizidi muda mrefu huharibu mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kupunguza floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Maji ya mto si bidhaa ya mtu, hivyo madhara yake ni suala la afya ya umma. Hali hubadilika maji yanapowekwa kwenye chupa na kuuzwa. Hapo muuzaji anadai kwamba maji yake yanafaa kunywewa, na lazima yatimize kiwango cha TBS. Kwamba floridi ilitoka ardhini hakuondoi wajibu wake wa kupima na kusafisha. Hata hivyo mdai angekuwa na kazi ngumu, kwa kuwa madhara ya floridi hujengeka kwa miaka mingi, na mtu yule yule huwa amekunywa pia maji ya kisima.

Bidhaa za mpakani

Namanga, katika wilaya ya Longido, ni kituo kikubwa cha mpaka kati ya Tanzania na Kenya. Bidhaa nyingi za Arusha hutoka au hupitia Kenya. Mtengenezaji akiwa nje ya nchi, mlaji hulazimika kumgeukia muuzaji au mwagizaji aliyepo nchini.

Udhibiti wa mpakani huweza kuwaumiza pia wafanyabiashara wasio na kosa. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilihusu mahindi yote bila kujali nani alikausha vizuri na nani hakukausha.

Mwenendo wa shauri

Mdai kwa kawaida huanza kwa kumwandikia mdaiwa barua ya madai. Asipolipwa, hufungua shauri. Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi husikiliza madai yasiyo ya ardhi au majengo ya hadi shilingi milioni 200. Madai makubwa zaidi huenda Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Arusha, na rufaa ya mwisho husikilizwa na Mahakama ya Rufani.

Kama mdai anaona kwamba taasisi ya umma ilizembea katika ukaguzi na anataka kuishtaki, lazima kwanza atoe notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu zina makao yake Arusha, lakini si mahali pa kumdai mtengenezaji. Ya kwanza hushughulikia Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ya pili hushughulikia haki za binadamu zinazokiukwa na mataifa.

Kabla ya kusikilizwa, shauri la madai hupelekwa kwenye usuluhishi. Mengi huishia hapo kwa kampuni kulipa kiasi fulani bila kukubali kosa.

Anayedai ndiye anayethibitisha, kwa kipimo cha uwezekano ulio mkubwa zaidi. Mahakama inaweza pia kutumia kanuni ya jambo linalojieleza lenyewe, pale ajali inapokuwa ya aina isiyotokea bila uzembe. Ushahidi wa kitaalamu hutoka katika maabara kama za TBS au za Mkemia Mkuu wa Serikali. Chupa iliyokutwa na uchafu ikiwa bado imefungwa ni kielelezo chenye nguvu. Ikishafunguliwa, mdaiwa anaweza kusema uchafu uliingia baadaye.

Tanzania haitumii baraza la wazee wa mahakama kupanga fidia kama ilivyo Marekani. Jaji au hakimu ndiye hupanga. Fidia maalumu, kama gharama za hospitali na mazao yaliyopotea, lazima itajwe kwa kiasi katika hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu. Fidia ya jumla, kama ya maumivu, hupangwa na mahakama kwa kutoa sababu.

Tangu mwaka 2021 sheria imeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Jambo hilo linamsaidia mlaji kufuatilia shauri lake, ingawa sheria nyingi na maamuzi mengi ya zamani bado yapo kwa Kiingereza.

Athari kwa walaji

Shauri linalofanikiwa humrudishia mlaji gharama zake na humsaidia kuendelea na maisha. Huweza pia kuwanufaisha watu wengine, kwa kuwa kampuni hurekebisha bidhaa au kuongeza onyo.

Vikwazo ni vingi. Hasara ya mlaji mmoja mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya wakili, mtaalamu na nauli za kwenda mahakamani. Kanuni ya kawaida ni kwamba anayeshindwa hulipa gharama za mwenzake, na jambo hilo huwaogopesha watu wa kipato kidogo. Ununuzi usio na risiti, uuzaji wa bidhaa kwa vipimo vya rejareja bila kifungashio chake, na kutojua jina la mwagizaji huongeza ugumu.

Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu watu wenye maslahi yanayofanana kuwakilishwa na wachache wao, kwa idhini ya mahakama. Njia hii inaweza kuwafaa wakulima wengi waliouziwa toleo moja la mbegu mbovu, kwani wanagawana gharama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 pia inawezesha wasio na uwezo kupata ushauri bila malipo.

Athari kwa kampuni

Kampuni inayoshtakiwa hubeba gharama za utetezi, fidia na kupotea kwa jina zuri. Kwa kampuni nyingi, habari ya bidhaa mbaya huumiza zaidi kuliko kiasi kinachoamriwa na mahakama, kwa sababu wateja huhama.

Ili kujikinga, kampuni huweka namba za toleo, hutunza kumbukumbu za vipimo, huandika maonyo yanayoeleweka na hukata bima ya dhima ya bidhaa. Namba ya toleo humlinda mtengenezaji pia: humwezesha kuondoa sokoni sehemu ndogo tu ya bidhaa, na kuonyesha kwamba bidhaa inayolalamikiwa si yake. Muuzaji aliyelipa fidia kwa kosa la kiwandani naye anaweza kumdai mtengenezaji.

Mzigo huu si sawa kwa wote. Kiwanda kikubwa kina maabara yake. Mjasiriamali anayesaga unga wa lishe au kusindika asali nyumbani hana, na shauri moja linaweza kumfilisi. Kwa sababu hiyo wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa na SIDO husaidiwa na TBS kupata alama ya ubora bila gharama katika kipindi cha mwanzo.

Athari kwa mawakili

Mashauri ya dhima ya bidhaa yanayofika mahakama za juu nchini ni machache yakilinganishwa na ya ardhi, ajira au ajali za barabarani. Kwa hiyo maamuzi ya ndani ni machache, na mawakili hutegemea sana maamuzi ya Uingereza, Kenya na nchi nyingine za Jumuiya ya Madola.

Wakili wa mdai anahitaji kuelewa sayansi ya bidhaa husika na kupata mtaalamu aliye tayari kutoa ushahidi. Kwa kuwa fidia si kubwa na mteja mara nyingi hana fedha, kazi hiyo haina kipato cha uhakika. Wakili wa kampuni kwa upande wake hufanya kazi kubwa kabla ya shauri lolote: kukagua lebo, mikataba ya usambazaji na bima, na kushauri lini bidhaa iondolewe sokoni. Mawakili wote, mmoja mmoja, wanawajibika kumweleza mteja mapema kama gharama za shauri zinaweza kuzidi kile atakachopata.

Ulinganisho na nchi nyingine

Nchini Marekani, Mahakama Kuu ya California iliamua mwaka 1963, katika shauri la Greenman dhidi ya Yuba Power Products, kwamba mtengenezaji anawajibika kwa kasoro hata kama uzembe haukuthibitishwa. Kanuni hiyo, pamoja na mashauri ya kundi na mawakili wanaolipwa pale tu mteja anaposhinda, imeongeza sana mashauri ya aina hii huko. Wanaoitetea husema imefanya bidhaa kuwa salama zaidi. Wanaoipinga husema gharama zake huishia katika bei anayolipa mlaji.

Umoja wa Ulaya uliweka dhima isiyotegemea uzembe kwa agizo la mwaka 1985, ambalo limefuatiwa na agizo jipya la mwaka 2024.

Nchini Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kulipwa fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya mwaka 2012 ilifuata. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haina ibara ya namna hiyo, hivyo mlaji wa Arusha hutegemea sheria za kawaida, na mlaji wa upande wa pili wa Namanga ana haki iliyoandikwa katika katiba ya nchi yake.

Tazama pia

Mkoa wa Arusha
Mlima Meru
Shirika la Viwango Tanzania
Mahakama Kuu ya Tanzania
Haki za walaji